Nani Ana Haki ya Kuuliza? Riwaya ya Upelelezi na Msomaji wa Kiamunyi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokiri mbele ya wenzake kwamba kitabu kilichomkesha usiku kucha ni riwaya ya Agatha Christie au ya James Hadley Chase, aghalabu hukiri kwa sauti ya chini, kana kwamba amefumaniwa. Riwaya anazozitaja darasani kwa sauti kuu ni zile za mtaala. Zile anazozipenda huzihifadhi chini ya mto. Makala haya yanalichukulia penzi hilo kuwa jambo la kitaaluma. Yanadai kwamba ushabiki wa riwaya za kigeni za uhalifu, badala ya kuwa usaliti kwa fasihi ya Kiswahili, ni shule ya usomaji ambayo idara za Kiswahili hazijaitumia ipasavyo. Hata hivyo, shule hiyo itamfaa msomaji endapo atajifunza kuuliza swali moja ambalo riwaya zenyewe hulificha: katika hadithi hii, nani amepewa haki ya kuuliza?

Ili mjadala usielee hewani, makala yanamchukua msomaji wa Kiamunyi kuwa kielelezo. Kiamunyi ni kitongoji kilicho kaskazini-magharibi mwa Nakuru, kando ya barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, jirani na kreta ya Menengai. Msomaji huyu si mtu mmoja mahususi. Ni yeyote anayepanda matatu kushuka mjini, akapekua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara au rafu za maktaba ya umma, na kurejea na riwaya yenye maiti katika sura ya kwanza. Mtu kama huyo huweza kuzijua barabara za London ambako hajafika kuliko anavyovijua vichochoro vya Unguja. Swali ni kwa nini, na je, hali hiyo inamnyima nini?

Uti wa Mgongo wa Riwaya ya Upelelezi

Wahakiki wengi hukubaliana kwamba utanzu huu ulianza kupata umbo lake mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi ya mauaji yaliyotokea Paris na kumpa mpelelezi wake, Dupin, kazi ya kufikiri kuliko kukimbia. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle, daktari kwa taaluma, alimleta Sherlock Holmes, na tangu hapo mpelelezi mwenye kiko na rafiki msimulizi akawa mhusika anayetambulika dunia nzima.

Mnamo mwaka 1966 mwananadharia Tzvetan Todorov alieleza kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka na imefichwa. Ya pili ni hadithi ya uchunguzi, ambayo inatendeka mbele ya macho ya msomaji. Riwaya husonga mbele kwa kurudi nyuma: kila ukurasa wa uchunguzi hufichua kipande cha jambo lililopita. Maelezo hayo humsaidia mwanafunzi kutofautisha taharuki ya upelelezi na mbinu rejeshi ya kawaida, kwani hapa urejeshi ndio kiini chenyewe cha msuko.

Jambo la kuongeza ni hili: daraja linalounganisha hadithi hizo mbili ni swali. Mpelelezi huuliza, na wengine hupaswa kujibu. Anayeuliza huingia vyumbani mwa watu bila kuonekana mtovu wa adabu. Hupima maneno yao na kuamua lipi ni kweli na lipi ni uongo. Kwa hiyo, riwaya ya upelelezi ni riwaya ya mamlaka hata pale inapojifanya kuwa mchezo wa akili tu.

Aidha, ladha ya fumbo haikuletwa Afrika Mashariki na meli. Jamii ya Waswahili ina vitendawili na mashairi ya mafumbo, nayo ina ujuzi wa kusema neno likafahamika kwa mlengwa peke yake. Msemo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata ni kanuni ya upelelezi iliyokuwapo kabla ya Holmes. Msomaji wa Kiamunyi anapoivamia riwaya ya Christie, huivamia kwa meno aliyokwisha kuyanoa kwa vitendawili vya utotoni.

Bonde la Ufa Machoni pa Wageni

Wengi wa wasomaji hao hawafahamu kwamba mazingira yao wenyewe yaliingia katika riwaya ya kimataifa ya uhalifu zamani. Elspeth Huxley, aliyezaliwa mwaka 1907 na kukulia Kenya katika familia ya walowezi, aliandika riwaya tatu za upelelezi zilizotoka kati ya mwaka 1937 na 1939. Ya kwanza ni Murder at Government House na ya pili ni Murder on Safari (1938). Zimewekwa katika koloni la kubuni liitwalo Chania, na mpelelezi wake ni Vachell, afisa wa polisi kutoka Kanada. Mama yake Huxley alikuwa na shamba Njoro, mji uleule ambao leo ni makao makuu ya Chuo Kikuu cha Egerton, mwendo mfupi kutoka Kiamunyi.

Miongo miwili baadaye, M. M. Kaye, mwandishi Mwingereza, alichapisha riwaya ya mauaji iliyotokea kwenye shamba la walowezi katika Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Naivasha, baada ya miaka ya Mau Mau. Ilitoka mwaka 1958 kwa jina Later Than You Think, kisha ikachapishwa upya mwaka 1983 kwa jina linalojulikana zaidi, Death in Kenya.

Riwaya hizi ni za mafundi. Taharuki yake imepangwa vyema, na maelezo ya mandhari yanaweza kumfurahisha mtu aliyewahi kuuona ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka ziwani. Lakini msomaji wa Kiamunyi akizisoma kwa swali lililotajwa hapo juu, ataona jambo la kushtua. Wanaouliza ni Wazungu. Wanaoulizwa kwa kina, wanaopewa siri, wivu na historia, kwa kiasi kikubwa ni Wazungu pia. Mwafrika yupo, lakini yupo mlangoni. Hubeba trei, huendesha gari, hushukiwa kwa jumla kama kundi, na mara nyingi huondolewa katika orodha ya washukiwa kwa sababu hadithi haioni kwamba ana akili ya kutosha kupanga uhalifu wa kitabu kizima. Kutoshukiwa kwa namna hiyo si heshima. Ni kunyimwa utu wa ndani.

Lugha nayo hutoa ushahidi. Kiswahili cha mashamba ya walowezi, kile kilichoitwa Kisetla, kilikuwa lugha ya amri: lete, ondoa, fanya upesi. Sarufi yake ilipogolewa hadi kubaki hali ya kuamuru. Lugha inayotumika kuamuru peke yake haiwezi kuendesha upelelezi, kwa kuwa upelelezi unadai kusikiliza jibu. Kwa hiyo, Mwafrika wa riwaya hizo hana nafasi ya kusema kweli wala ya kudanganya kwa ustadi, maadamu hakuna anayemwuliza kwa lugha anayoimudu.

Unguja, Miaka Ileile

Mwaka 1959 Kaye alichapisha riwaya nyingine, The House of Shade, iliyopewa baadaye jina Death in Zanzibar. Mauaji yanawazunguka wageni wa Kizungu waliokusanyika katika jumba moja Unguja. Kisiwa kimeremetacho, bahari na harufu ya karafuu vyote vipo, lakini vipo kama pazia la nyuma la jukwaa.

Katika miaka hiyohiyo, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 alikuwa akikiandika kisiwa hichohicho kwa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948 na hatimaye kulihariri jarida la kilimo la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka 1957/58, na mwaka 1960 ikatoka kama kitabu. Humo ndimo alimotokea Bwana Msa.

Ukoo wa Bwana Msa na Holmes haufichiki: kiko, utulivu, na uwezo wa kuona dogo ambalo wengine hulipita. Katika riwaya zilizofuata, Najum anashika nafasi ya rafiki anayefuatana naye, kama Watson anavyofuatana na Holmes. Abdulla alikuwa shabiki wa riwaya ya kigeni, na ushabiki wake ndio uliozaa. Wanaohofia kwamba kusoma ya kigeni hukausha ubunifu wa Kiswahili wanapaswa kuuanza ubishi wao na Bwana Msa.

Hata hivyo, alichokichukua hakukiacha kama kilivyokuwa. Kwanza, alihamisha haki ya kuuliza. Mwuliza maswali wa Abdulla ni mwenyeji. Anaulizia mambo ya kwao, kwa lugha ya kwao, na mahojiano yake mara nyingi huchukua sura ya mazungumzo yenye salamu, mzaha na tafsida. Wahusika wake wanaweza kudanganya kwa ufasaha, jambo ambalo ni haki muhimu ya mhusika wa riwaya ya upelelezi.

Pili, alibadilisha pahala pa jibu. Katika visa vingi vya Holmes, ukweli hukaa katika vitu: majivu ya sigara, tope la viatu, mwandiko. Kwa Abdulla, vitu vipo, lakini ukweli mzito hukaa katika nasaba na ndoa. Nani mtoto wa nani? Nani alimwoa nani, na kwa siri gani? Hata majina ya baadhi ya riwaya zake yanadokeza hayo: Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inakuwa njia ya uchunguzi. Katika jamii ambamo nasaba iliamua heshima na mirathi ya mtu, kufichua ukoo kulikuwa sawa na kufichua muundo wa jamii nzima.

Tatu, aliipambanisha hoja na imani. Mzimu katika riwaya ya kwanza, na Giningi, makao ya wachawi katika simulizi za Zanzibar, katika Kisima cha Giningi (1968), ni mahali ambapo watu wanazoea kunyamaza. Bwana Msa huuliza palepale penye mwiko. Msomaji anaweza kulalamika kwamba Abdulla anaipa akili ya kimagharibi ushindi wa haraka mno dhidi ya imani za wenyeji, na lalamiko hilo lina uzito. Lakini kauli nzito zaidi ni kwamba imani zilizotumiwa kuficha uhalifu zimehojiwa na mwenyeji anayezijua, wala hazijachekwa na mgeni asiyezifahamu.

Warithi wa Bwana Msa na Jina la Fasihi Pendwa

Njia ilipofunguliwa, wengine waliifuata. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na katika Kikosi cha Kisasi (1979) akampeleka hadi Kinshasa. Gamba ni ndugu wa James Bond wa Ian Fleming kwa mavazi na ujasiri, lakini adui yake si adui wa Bond. Anapambana na mawakala wa tawala za kibaguzi za kusini mwa Afrika, katika zama ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ben Mtobwa naye alimwumba Joram Kiango na kumpatia umaarufu miongoni mwa wasomaji wa Tanzania.

Kazi hizi ziliwekwa katika kapu liitwalo fasihi pendwa, na kapu hilo likawa kaburi la kiuhakiki. Ni kweli kwamba baadhi zina wahusika wa karatasi, wanawake wasio na kazi nyingine ila kutamanisha, na sadfa zisizoaminika. Lakini kasoro hizo zipo pia kwa Chase na Fleming. Mhakiki anayezikubali za Chase kama burudani na kuzikataa za Musiba kama aibu anatumia mizani miwili.

Nchini Kenya tatizo lina sura ya ziada. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Hatua hiyo iliifaa lugha sana. Ilizaa pia mazoea ya wachapishaji kulenga soko la shule, na mazoea ya wasomaji kuihusisha riwaya ya Kiswahili na mtihani. Aliyesoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora au Chozi la Heri ya Assumpta Matei akiwa kidato cha tatu aliisoma huku akiorodhesha maudhui na mbinu za lugha. Alipotaka kusoma bila kalamu mkononi, alikimbilia Kiingereza. Ndiyo sababu mojawapo ya msomaji wa Kiamunyi kuijua London kuliko Unguja.

Maswali Yaliyokatizwa

Kwa nini suala hili liwe zito kuliko burudani? Kwa sababu Kenya ni nchi yenye hadithi nyingi za Todorov zilizobaki nusu: hadithi ya uhalifu ipo, ya uchunguzi haikufika mwisho. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge aliyekuwa na makazi Gilgil katika eneo lilelile la Nakuru, aliuawa Machi 1975. Kamati teule ya bunge ilichunguza na kutoa ripoti mwaka huohuo, lakini hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa Februari 1990. Safari hii alialikwa mpelelezi wa kweli kutoka Scotland Yard, John Troon, kama kwamba riwaya imegeuka kuwa maisha. Tume iliyokuwa ikisikiliza ushahidi ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa vibaya Januari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilifunga majina katika bahasha, bahasha ikakabidhiwa Kofi Annan, na kesi zilizofika The Hague zikakoma kufikia mwaka 2016 bila mtu yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia hizo.

Msomaji aliyekulia katika historia hiyo ana sababu ya kupenda kitabu ambamo, ukurasa wa mwisho, washukiwa huketishwa sebuleni na jina kutajwa. Riwaya ya kigeni humpa utulivu ambao magazeti hayakumpa. Penzi lake si uvivu wa akili. Ni njaa ya jibu. Lakini akiishia hapo, atazoea kuamini kwamba majibu hupatikana kwa wengine tu.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliliona jambo hili katika Petals of Blood (1977). Riwaya inaanza na vifo vya wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe na washukiwa wanne, na Inspekta Godfrey anaongoza uchunguzi. Mhalifu anajulikana mwishoni, lakini msomaji amekwisha kupewa swali kubwa zaidi: nani aliiibia Ilmorog? Inspekta analijibu swali la polisi. Swali la wananchi linabaki mikononi mwa msomaji. Kazi hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili yenye uzito huo, itakayoyachukua mashamba, hatimiliki na makaburi ya Bonde la Ufa kuwa fumbo lake, ingali inasubiriwa.

Mafunzo kwa Darasa

Kutokana na mjadala huu, mwanafunzi anaweza kutumia maswali matatu katika riwaya yoyote ya uhalifu, ya kigeni au ya Kiswahili. La kwanza: nani anauliza, na nani hapewi nafasi ya kuulizwa? La pili: maswali na majibu yanaendeshwa kwa lugha gani, na je, anayejibu ameachiwa uwezo wa kudanganya? La tatu: jibu la mwisho linatuliza nini, na linaacha nini bila kuguswa? Zoezi linalofaa ni kuzisoma Death in Zanzibar na Mzimu wa Watu wa Kale kwa pamoja, kwa kuwa kisiwa ni kimoja na miaka inakaribiana.

Upande wa lugha, utanzu huu ni mazoezi ya usahihi. Mshukiwa ni anayedhaniwa, mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani, na mfungwa ni aliyehukumiwa kifungo. Anayeyachanganya maneno haya humhukumu mtu kabla ya hakimu. Dalili si ushahidi, na ushahidi si ithibati. Mwanafunzi atakayeandika kurasa tano za mahojiano ya mpelelezi na mashahidi watatu, kila mmoja na lahaja, umri na hofu yake, atajifunza rejista na pragmatiki kuliko atakavyojifunza kwa kukariri fasili.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba penzi la riwaya za kigeni za upelelezi lina nafasi halali katika taaluma ya Kiswahili. Penzi hilo lilimzaa Bwana Msa, na Bwana Msa alihamisha haki ya kuuliza kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji. Huxley na Kaye waliliandika Bonde la Ufa kama mahali ambapo wageni huulizana. Abdulla aliiandika Unguja kama mahali ambapo wenyeji huulizana. Msomaji wa Kiamunyi hana haja ya kuvichoma vitabu vyake vya mitumba wala kuvificha chini ya mto. Anachohitaji ni kuvisoma hadi aone nani amenyamazishwa ndani yake, kisha aende maktabani kumtafuta Bwana Msa. Na iwapo ana kalamu, hadithi za uhalifu ambazo uchunguzi wake ulikatizwa hazijamwishia. Zipo Gilgil, zipo Naivasha, zipo Nakuru, zikimsubiri mtu wa kuuliza kwa Kiswahili.